Arobaini na Mmoja Hodhini

Jumanne asubuhi, kabla shambulio la mwisho halijaanza, mlinzi alipita meza kwa meza na ndoo ya plastiki akikusanya simu. Ahmad aliiweka yake juu ya nyingine kumi na moja. Mlinzi akaufunga mlango wa chuma wa ghorofa ya saba, akaivaa kadi ya kufungulia shingoni. Hakuna atakayetoka hadi mji uchukuliwe, ndivyo walivyoambiwa. Magodoro yalikuwa yamesimamishwa ukutani, na kando yake maboksi ya maji, mikate na samaki wa kopo.

Jengo lenyewe lilikuwa Marshalltown, katikati ya Johannesburg, moja ya yale majengo ya mawe ya enzi za matajiri wa dhahabu. Madirisha yake yalibandikwa karatasi nyeusi. Ukikaa humo ndani hujui kama nje kuna jua au mvua. Unachosikia ni honi za teksi kule chini, na jenereta inaponguruma umeme ukikatika.

Mji uliokuwa ukipiganiwa ulikuwa mbali kaskazini, jangwani. Uliitwa Tinzarat, mji wa kuta za udongo uliojengwa na wafanyabiashara wa chumvi miaka mia tisa iliyopita. Waasi walikuwa wameuteka mwaka mmoja na miezi miwili nyuma, wakavunja makaburi ya masharifu na kuchoma vitabu vya wazee. Sasa jeshi la serikali ya huko lilikuwa limeuzingira. Jeshi liliikodi kampuni ya ulinzi ya Johannesburg, na kampuni ikatafuta watu wa kusikiliza. Ndani ya Tinzarat ulibaki mnara mmoja tu wa simu. Jeshi liliuacha makusudi, na kila aliyepiga simu kupitia mnara ule, maneno yake yalifika ghorofa ya saba, Marshalltown. Kazi ya Ahmad ilikuwa kuyasikiliza kwa Kiarabu na kuyaandika kwa Kiingereza.

Ahmad alikuwa Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, mwenye umri wa miaka thelathini na minane. Kiarabu alikisomea Khartoum miaka sita. Alipofika Afrika Kusini alipanga chumba Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao, akawa anafundisha watoto Kurani kila alasiri nyuma ya duka la vitambaa huko Fordsburg. Hapo ndipo Évariste alipomkuta.

Évariste naye alikuwa Mrundi, kapteni wa zamani aliyewahi kulinda amani Mogadishu. Ndiye aliyesimamia chumba cha wasikilizaji. Alimpa Ahmad kazi, na siku hiyohiyo akaomba karatasi yake ya ukimbizi iliyokuwa karibu kuisha muda.

"Niachie mimi, Mwalimu," alimwambia. "Kampuni ina mwanasheria. Atakuhangaikia."

Miezi mitano ilipita. Karatasi ilikuwa bado kwenye droo ya Évariste, na Ahmad alikuwa akitoka Bellevue hadi mjini akikwepa kila kona yenye polisi.

Kati ya sauti zote alizosikia, moja aliifahamu kuliko nyingine. Ilikuwa ya mwanamke aitwaye Tekber. Alimpigia kaka yake, Sidati, dereva wa lori aliyekimbilia mji wa kusini kabla ya mzingiro. Tekber alizungumza kwa kunong'ona na kwa kifupi, kwa sababu betri yake aliichaji kwa shida. Siku tisa kabla ya shambulio alimwambia kaka yake kwamba wako hodhini. Hodhi hilo lilichimbwa zamani chini ya ardhi kuhifadhi maji ya mvua, na sasa lilikuwa kavu. "Niko nao iyali," alisema. "Arobaini na mmoja. Wametulia. Wanangoja."

Iyali. Khartoum, bwenini kwao, neno hilo walilitumia kuitana. Njooni iyali, twendeni iyali, yaani vijana, wenzetu, majamaa. Ahmad aliandika kwa Kiingereza kwamba mwanamke yuko hodhini na vijana arobaini na mmoja, wametulia, wanangoja. Aliandika kwa haraka, kwani simu nyingine tatu zilikuwa zimepanga foleni kwenye kompyuta yake. Hakulifikiria tena neno lile.

Jumatano, siku ya pili ya shambulio, Tekber alipiga tena. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mwangwi, na mtu alikuwa anakohoa.

"Mdogo kabisa ameng'oka jino," alimwambia Sidati. "Analilia jua. Anasema jino lazima litupwe juani ndipo lije jingine zuri, na humu hakuna jua. Nimemwambia nitamtunzia. Nimelifunga kwenye ncha ya mtandio wangu."

"Na wale wa surua?"

"Wanne sasa. Mzee Brahim anawasimulia hadithi, lakini mwenyewe hawezi kusimama. Sidati, iyali hawa wamechoka giza. Wote wananiita mama, hata wale ambao mama zao nawajua."

Ahmad aliondoa mikono kwenye kompyuta. Aliisikiliza rekodi mara ya pili, kisha akaitafuta ile ya kabla ya shambulio. Niko nao iyali. Alipoisikia sasa alishangaa vipi hakuwa ameelewa. Ilikuwa sauti ya mtu anayezungumzia watoto. Hata mtu asiyejua Kiarabu angeitambua.

Akageuka kutazama ramani kubwa ya Tinzarat ukutani. Pale palipoandikwa hodhi palikuwa na duara jekundu, na ndani yake maneno ya Kiingereza: wapiganaji 41, wana silaha, wanasubiri amri. Neno silaha hakuliandika yeye. Wala amri. Lakini neno vijana lilitoka mkononi mwake. Lilipofika mezani kwa mtu mwingine likageuka wapiganaji, na lilipofika kwa mtu wa tatu likapewa bunduki.

Alimwendea Évariste.

"Kapteni, pale hodhini nimekosea. Ni watoto."

Évariste alikuwa anakula mkate kwa samaki. Akauweka chini, akasikiliza yote bila kumkatiza. Akamwagiza alete rekodi zote mbili na aandike marekebisho. Ahmad akaandika ukurasa mzima. Alieleza neno lilivyo na maana mbili, akaeleza habari za jino, za surua na za mzee asiyeweza kusimama. Évariste aliusoma, akautuma.

Jibu lilikuja baada ya saa nne. Évariste alimwita pembeni, karibu na magodoro.

"Wanasema huyo mwanamke huenda anajua anasikilizwa. Waasi wamekwisha kutumia hila za namna hiyo, wanajificha nyuma ya maneno kama hayo."

"Kapteni, mtu hatungi habari ya jino."

"Mimi nakuamini, Mwalimu. Lakini wanaoamua ni wale wa juu, si mimi." Alipunguza sauti. "Ndege itapita kesho. Adhuhuri kwa saa za huko. Kwetu hapa, saa nane mchana."

"Basi niruhusu nitoke nimpigie. Dakika mbili tu."

"Ukitoka umefichua operesheni ya kijeshi. Utafungwa, na mimi nitafungwa pamoja nawe. Nina mke na watoto watatu Turffontein, nao hawana mwingine." Évariste alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimwumiza Ahmad kuliko ukali. "Rudi mezani. Umefanya ulichoweza."

Ahmad alirudi mezani. Mbele yake kulikuwa na kifaa kilichomletea kila pumzi ya Tekber masikioni, lakini hakikuwa na njia ya kupeleka hata neno moja upande wa pili. Namba yake ya simu ilikuwa pale kwenye kioo, tarakimu kumi na moja. Aliitazama hadi akaikariri. Kisha akabaki nayo kichwani, asijue aipeleke wapi.

Waliokuwa na ruhusa ya kuingia na kutoka walikuwa wafanya usafi peke yao, kwa sababu waliajiriwa na kampuni nyingine. Wa ghorofa ya saba alikuwa Murielle, mwanamke wa Uvira, Kongo, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, ambaye wote walimwita Mama Héritière kwa jina la binti yake. Kila alipotoka mlinzi alimpekua mfuko, viatu, hata kitambaa cha kichwani. Karatasi haikuweza kupita.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi alimkuta Ahmad jikoni, amesimama mbele ya sinki bila kufanya chochote.

"Mwalimu, chai ya jana haukukunywa," alisema. "Na juzi vilevile. Uko na malaria?"

"Hapana, Mama Héritière."

"Basi ni nini?"

Akamweleza. Alieleza kwa sauti ya chini huku bomba likiwa wazi ili maji yafunike maneno. Murielle aliendelea kusugua kikombe kimoja kilekile.

"Batoto ngapi?"

"Arobaini na mmoja. Au pungufu kidogo, kuna mzee mmoja."

"Na saa nane wanawapiga."

"Ndiyo."

Murielle alifunga bomba, halafu akalifungua tena. "Sisi tulilala chini ya kanisa siku kumi na mbili," alisema. "Héritière alikuwa wa mwaka mmoja. Nilikuwa namziba mdomo na titi." Akasuuza kikombe. "Nipatie hayo maneno. Nitasema mimi."

"Hujui Kiarabu, mama."

"Kwaya yetu ya Bellevue inaimba Kilingala. Mie Kilingala sikijui. Naimba nyimbo nane bila kukosea. Nipatie."

Ahmad alisita, na hakusita kwa kumhofia yeye peke yake. Kumwambia Tekber atoke kulikuwa pia kumwambia apite kwenye vichochoro ambamo waasi walikuwa wakiwapiga risasi wanaotoroka. Jeshi lilikuwa limetangaza kwamba anayefika lango la mashariki na kitambaa cheupe atapokelewa, lakini kati ya hodhi na lango kulikuwa na mwendo wa robo saa. Alfajiri ile alikuwa amemsikia mpiganaji akimwambia mwenzake kwamba wameliacha soko la chumvi, wote wamekimbizwa ukuta wa magharibi ambako jeshi limepenya. Kama maneno yale yalikuwa ya kweli, njia ilikuwa wazi. Kama asubuhi ile watarudi sokoni, au wamesharudi, yeye asingejua.

Akachagua maneno machache kadiri alivyoweza. *Ukhruju bil-iyali. Al-yauma, qabla dhuhri. Al-haudhu sayudhrabu. Min suqi-l-milhi.* Tokeni na watoto. Leo, kabla ya adhuhuri. Hodhi litapigwa. Pitieni soko la chumvi.

Murielle aliyarudia akikoroga sukari kwenye kikombe kisicho na chai. Mara ya kwanza aliyavuruga. Mara ya tatu alianza kuyatia mdundo kwa kidole pembeni ya sinki, na mara ya sita yalikuwa yamenyooka, isipokuwa herufi za kooni alizozilainisha kama anavyosema mtu wa Uvira. Kisha wakafanya namba ya simu. Mlinzi alichungulia mlangoni akauliza kama kuna kahawa. Murielle akamjibu iko, akammiminia, na mdomo wake ukaendelea kutikisika kidogo kama mtu anayesali.

Saa nne kamili alitoka kununua maziwa, kama kila siku.

Ahmad alikaa mezani akavaa hedifoni, akafungua mstari wa namba ya Tekber peke yake. Aliiacha mingine ijipange. Saa nne na dakika kumi, kimya. Na ishirini. Alifikiri Murielle ameogopa, na hakumlaumu. Alifikiri labda simu ya Tekber imezimika chaji. Alifikiri mlinzi wa chini amemzuia. Saa nne na dakika thelathini na moja mstari uliwaka, na kando yake ikatokea namba ya aliyepiga. Ilianza na ishirini na saba, Afrika Kusini.

Simu iliita mara nyingi. Kisha Tekber akasema, "Nani?"

Masikioni mwa Ahmad ikaingia sauti ya barabara ileile iliyokuwa chini ya dirisha lake. Teksi ilipiga honi, na mtu alikuwa akinadi magwinya, maandazi ya huku, ya moto. Ilikuwa mita mia kutoka alipokaa, lakini ilikwenda kwanza jangwani ndipo ikamrudia. Juu ya kelele hiyo alikuja Murielle, polepole, akiyaweka maneno moja moja kama mtu anayepanga vyombo.

"Ukhruju bil-iyali. Al-yauma, qabla dhuhri. Al-haudhu sayudhrabu. Min suqi-l-milhi."

"Wewe ni nani? Umetoka jeshini?"

Murielle aliyarudia yote.

"Nani amekupa namba hii? Nitajuaje si mtego?"

Akayarudia tena. Nyuma ya Tekber mtoto aliuliza kitu, na mwingine akakohoa. Murielle bila shaka aliwasikia, kwa sababu aliacha Kiarabu chake cha kukariri, akasema kwa Kiswahili, "Dada yangu, toka. Toka na hao batoto. Mie pia ni mama. Toka."

Tekber hakuelewa hata neno, na Ahmad alijua hakuelewa. Lakini hakukata simu. Alipumua kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona, "Soko la chumvi?"

"Min suqi-l-milhi," alisema Murielle.

Simu ikakatika.

Ahmad aliondoa hedifoni. Évariste alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika ile ya pili inayotumiwa na msimamizi. Haikujulikana alianza kusikiliza wakati gani. Alitazama namba kwenye kioo, akatazama mlango wa jikoni.

"Iandike," alisema.

Ahmad akaitafsiri neno kwa neno, haraka lakini kwa makini kuliko alivyowahi kuandika chochote. Palipokuwa na iyali aliandika watoto. Évariste aliusoma ukurasa, akaufuta wote, kisha akaita mlinzi.

"Mwalimu hajisikii vizuri. Mpeleke stoo akapumzike. Funga."

Stoo ilikuwa na ukubwa wa kitanda. Mlikuwa na kompyuta mbovu, nyaya, ndoo ya Murielle na fagio lake. Mlango ulipofungwa taa ilibaki imewaka kwa muda, halafu umeme ukakatika na jenereta ikachelewa, akabaki gizani. Hapakuwa na saa. Alijaribu kukadiria muda kwa swala, lakini hakujua adhuhuri ya Johannesburg imeingia au la. Akaswali tu, akiwa amekunja magoti kwa kukosa nafasi.

Jambo lililomtesa mle ndani halikuwa jela. Lilikuwa kutosikia. Kwa majuma kumi na moja alikuwa amejua lini Tekber amekula na lini hakula. Alijua kikohozi cha nani ni cha nani. Sasa, katika saa moja ambayo ilikuwa na maana, alikuwa na ukuta pande nne. Aliwaona wakipanda ngazi za hodhi, wamefumba macho kwa mwanga. Halafu aliwaona sokoni, na mpiganaji juu ya paa ambaye hakuondoka alfajiri. Aliyaona yote mawili kwa zamu, bila kukoma. Alipiga mlango. Mlinzi akamwambia kwa upole, "Eish, bra, tulia," na baadaye hakumjibu tena.

Évariste alifungua saa kumi na moja jioni. Nyuma yake watu walikuwa wakikunja magodoro, na wawili walikuwa wanacheka.

"Mji umechukuliwa," alisema. "Bendera iko juu ya msikiti."

"Na hodhi?"

"Lilipigwa saa nane na dakika nne."

"Walikuwamo?"

Évariste aliingia stoo, akauvuta mlango nyuma yake. Yeye na Ahmad walijaa mle ndani kama mizigo.

"Sijui. Ninachojua ni hiki. Kikosi kiliingia kwa lango la mashariki saa saba na nusu, kikakuta watu soko la chumvi. Askari walisimama kuwatoa. Kulikuwa na bunduki juu ya paa. Askari wawili wamekufa." Aliutazama mlango. "Amri ilikuwa wapite pale bila kusimama."

Ahmad alikaa juu ya kompyuta mbovu.

"Nimeandika kwamba rekodi ya saa nne na nusu ilikuwa mbovu, haisikiki. Sijui watakubali au watachunguza." Alitoa karatasi ya ukimbizi mfukoni, ileile, imekunjwa mara nne, muda wake umekwisha miezi miwili nyuma. "Mwanasheria hakuwahi kuwapo, Mwalimu. Waliniambia nikishika karatasi watu hawaachi kazi. Nenda. Na yule mama mwambie asirudi hapa."

Ahmad alipewa simu yake, akashuka ngazi ghorofa saba. Nje jua lilikuwa bado lipo, likamchoma macho. Murielle alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kando ya kibanda cha Hénock, Mkongo anayeuza vocha na kupigisha watu simu za nje. Pakiti ya maziwa ilikuwa mapajani mwake, imepata joto. Alikuwa amekaa pale tangu saa nne.

"Walitoka?" aliuliza.

"Sijui, Mama Héritière."

Alitikisa kichwa taratibu. Wakakaa pamoja hadi Hénock alipofunga kibanda, kisha wakapanda teksi ya kwenda Bellevue.

Majuma yaliyofuata Ahmad hakutoka chumbani ila kwenda Fordsburg kufundisha, na hata huko alikwenda kwa kuogopa. Karatasi iliyokwisha muda ni sawa na kutokuwa na karatasi, na foleni ya kuhuisha aliijua. Watu waliirudia miezi na miezi. Kila gari lililosimama nje ya nyumba alihesabu sekunde hadi liondoke. Televisheni zilionyesha Tinzarat mara mbili tatu. Zilionyesha msikiti, askari wanaopeana mikono, na wataalamu wakisikitikia vitabu. Kisha hazikuonyesha tena. Hodhi halikutajwa. Yeye alimpigia Tekber kila siku, na kila siku simu ilikuwa imezimwa.

Mchana mmoja, karibu miezi miwili baadaye, Murielle alimpigia. Alikuwa amepoteza kazi, sasa alikuwa anapika magwinya na kuyauza palepale karibu na Hénock.

"Njoo," alisema. "Ule mwanamke amepiga hapa kwa Hénock. Anasema-sema tu, hatumwelewi. Atapiga tena saa tisa."

Ahmad alifika saa nane na nusu, ametembea kwa miguu kutoka Fordsburg, kofia imeshuka usoni. Simu ya Hénock iliita saa tisa na dakika ishirini. Akaipokea. Sauti ilikuwa ileile, ila haikunong'ona tena, na kwa sababu hiyo ilionekana ya mtu mkubwa zaidi.

"Namtafuta mwanamke aliyenipigia," alisema Tekber. "Nilikuwa na namba hii tu."

"Yuko hapa. Hajui Kiarabu. Maneno yale nilimfundisha mimi."

"Mwambie nilitoka na thelathini na sita."

Ahmad alimtafsiria Murielle. Murielle aliweka mwiko chini, akajifunika uso kwa aproni.

"Waliobaki?" aliuliza Ahmad.

"Mzee Brahim hakuweza. Wale wanne wa surua walikuwa na homa kali, nikasema niwatoe hawa kwanza kisha nirudi. Nilirudi. Nilikuwa nimefika kwenye mlango wa soko."

Alizungumza bila kulia, kama mtu aliyekwisha kuulizwa na wengi. Kisha akauliza jambo ambalo Ahmad alikuwa amelingoja kwa miezi miwili.

"Wewe ulijuaje kwamba litapigwa?"

Angeweza kusema lolote. Tekber hakuwa na njia ya kujua, na Murielle asingeelewa. Hénock alikuwa anamhudumia mteja.

"Nilikuwa nasikiliza simu zako," alisema. "Ilikuwa kazi yangu. Ulisema uko na iyali, nami nikaandika vijana. Wakadhani ni wapiganaji. Duara kwenye ramani lilitokana na neno langu. Nilipogundua, niliwaambia, hawakusikia. Ndipo nikampa huyu mama maneno yale."

Upande wa pili Ahmad alisikia mlango ukifungwa, na watoto wakicheza mbali, na mtu akiteka maji. Alisubiri akate. Hakukata.

"Uliandika neno moja," alisema Tekber hatimaye.

"Ndiyo."

"Wale watano nina majina yao. Unataka kuyasikia?"

Ahmad aliegemea kibanda. Gari la polisi lilikuwa limesimama kwenye robot, taa za barabarani zikiwa nyekundu, hatua ishirini kutoka aliposimama. Hakusogea.

"Niambie," alisema.

Alimtajia moja moja, jina la mtu na la baba yake na umri, akianza na Mzee Brahim. Jina la nne honi ya teksi ililifunika, na Ahmad akamwomba alirudie. Tekber akalirudia, polepole, hadi alipohakikisha kwamba limesikika.